Ni Nani Anayekuambia "Hapana"?

Masomo ya nyumbani wiki hii: Danieli 4:28–37, 2 Samweli 12:1–13, 2 Mambo ya Nyakati 26:16–21



Jumapili iliyopita mchungaji alitufundisha habari za Nebukadneza, yule mfalme aliyetembea juu ya jumba lake akijisifu, na kabla hajamaliza sentensi akajikuta anakula majani kama ng'ombe. Baada ya ibada, kijana mmoja katika wale wanafunzi wetu wa SEKU alinishika mkono pale nje akaniuliza: "Mzee, huyu mfalme alikuwa mbaya tangu mwanzo, ama ni kiti ndicho kilimharibu?"

Nilimwambia nitamjibu. Nilienda nyumbani nikifikiri ni swali rahisi. Sikulala vizuri.

Swali lenyewe linatuhusu sana. Mwezi ujao tunachagua viongozi wa idara zote: akina mama, vijana, kwaya, ujenzi na wapokeaji wageni. Wengine watapanda, wengine watashuka. Kwa hiyo wacha nijaribu kujibu, lakini nianzie kwa mtu ambaye wazee wengi hapa Kwa Vonza wanamkumbuka kwa masikio yao wenyewe, maana walikuwa wakimsikia redioni.

Kutoka jikoni mpaka kiti cha maisha

Hapa Ukambani hakuna haja ya kueleza Keya ilikuwa nini. Babu zetu wengi walivaa sare ile, wakaenda mpaka Burma, wakarudi na koti la jeshi na hadithi ambazo haziishi. Basi mwaka 1946, kijana mmoja wa Kikakwa kutoka West Nile kule Uganda aliingia katika jeshi hilo hilo kama mpishi msaidizi. Jina lake ni Idi Amin.

Shule hakuwa nayo sana. Alikuwa na mwili mkubwa, mcheshi, na mtiifu kwa wakubwa wake. Alikuwa bingwa wa ndondi wa Uganda kuanzia 1951 hadi 1960. Alitumwa hapa Kenya wakati wa vita vya Mau Mau. Mwaka 1959 akapewa cheo cha efendi, na mwaka 1961 akawa mmoja wa raia wawili wa kwanza wa Uganda kufanywa maofisa kamili.

Mpaka hapo, wapendwa, huu ni ushuhuda. Mtoto wa maskini ameinuliwa kutoka jikoni. Angekuwa wa kanisa letu tungemwita mbele, tumpigie makofi, na mama mmoja angeanzisha wimbo.

Lakini mwaka 1962, miezi michache kabla ya Uganda kupata uhuru, kikosi chake kilitumwa upande wa Turkana kuzuia wizi wa mifugo. Wachungaji wa Kiturkana waliteswa na wengine wakauawa. Makaburi yakafukuliwa, uchunguzi ukafanywa, na jina la Amin likatajwa. Wakubwa wa Kiingereza wakafikiria kumshtaki. Wakamuuliza Milton Obote, ambaye alikuwa amekuwa waziri mkuu juzi juzi tu. Obote akaona haifai, uhuru ukiwa mlangoni, kumpeleka mahakamani mmoja wa maofisa wawili tu weusi alio nao. Amin akakemewa, akaachwa arudi kazini.

Weka hilo alama. Tutalirudia.

Baadaye Obote alimhitaji mtu wa mkono mzito. Tarehe 24 Mei 1966 alimtuma Amin kushambulia jumba la Kabaka pale Mengo. Kabaka Mutesa wa Pili, aliyekuwa Rais wa kwanza wa nchi, akatoroka, akafia London mwaka 1969. Amin akapandishwa cheo. Sasa fikiria: ukimfundisha mtu kuvunja mlango wa jirani, si umemfundisha pia mlango wako unavyovunjwa? Tarehe 25 Januari 1971, Obote akiwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola, Amin akaichukua nchi.

Na watu wakacheza. Hiyo ndiyo sehemu tunayosahau. Kampala ilijaa vigelegele. Amin akawafungulia wafungwa wa kisiasa. Akaruhusu mwili wa Kabaka urudishwe uzikwe nyumbani. Akasema yeye ni mwanajeshi, si mwanasiasa, na kwamba kura itapigwa. Uingereza ikawa kati ya nchi za kwanza kumtambua.

Kura haikupigwa.

Agosti 1972 aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Makumi ya maelfu wakaacha nyumba na maduka. Wengi wakashangilia tena, kila mtu akitarajia kupata duka. Maduka yakaenda kwa askari na marafiki zao, na haikuchukua muda sukari, chumvi na sabuni vikawa vitu vya kutafutwa usiku. Septemba mwaka huo huo, Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alitolewa ndani ya Mahakama Kuu mchana kweupe na watu wenye silaha. Hakurudi.

Kisha vyeo vikaanza kunyesha. Mwaka 1975 akawa Fildi Mashali, na mwaka huo huo wafanyabiashara wanne wa Kiingereza wakambeba mabegani kwenye kiti, yeye akicheka. Mwaka 1976 akawa Rais wa Maisha. Uingereza ilipovunja uhusiano naye, akajitunuku cheo cha Mshindi wa Dola ya Uingereza. Mapema mwaka 1976 alikuwa amesema hata sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ni mali ya Uganda. Hapo ndipo wazee wetu walipoanza kukaa karibu na redio.

Amin hakujivika taji. Lakini kulikuwa na mwenzake aliyejivika. Kule Jamhuri ya Afrika ya Kati, Jean-Bédel Bokassa, naye mwanajeshi, alipindua serikali usiku wa kuamkia mwaka 1966. Urais ukawa mdogo kwake. Urais wa maisha nao ukawa mdogo. Tarehe 4 Desemba 1977, mjini Bangui, akajivika taji la mfalme mkuu, akimwiga Napoleon wa Ufaransa, ambaye naye alikuwa jenerali aliyejivika taji kwa mkono wake mwenyewe mwaka 1804. Sherehe ya Bokassa inakadiriwa kuwa ilikula dola milioni 20, katika nchi ambayo watoto walikuwa wanalala njaa. Miaka miwili haikuisha. Septemba 1979, akiwa safarini Libya, askari wa Ufaransa wakamwondoa.

Na Amin? Oktoba 1978 majeshi yake yaliingia Kagera, Tanzania, na akatangaza kwamba kipande hicho sasa ni cha Uganda. Mwalimu Nyerere akawaambia wananchi wake kwamba sababu ipo, uwezo upo na nia ipo. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Yeye pia akakimbilia Libya, kisha Saudia, na huko Jeddah akafa tarehe 16 Agosti 2003, mbali na West Nile. Nyuma yake waliachwa watu waliouawa ambao hesabu yao inatajwa mara nyingi kufika 300,000.

Mwaka mmoja, 1979, viti viwili vikaanguka. Kabla mtu hajasema hili ni jambo la dini fulani, kumbuka kwamba Amin alikuwa Mwislamu na Bokassa alilelewa na wamisionari wa Kikristo, na Waislamu nao walilia chini ya Amin. Dhambi hii haiulizi mtu anasali wapi.

Sasa, ni kiti ama ni mtu?

Turudi kwa kijana wetu. Kuna majibu mawili ambayo watu hutoa haraka.

La kwanza linasema: kiti hakibadilishi mtu, kinamfunua. Wenye jibu hili wataonyesha Turkana. Watasema, mnaona? Mwaka 1962 hakuwa Rais, hakuwa Fildi Mashali, alikuwa luteni tu, na damu ilishamwagika. Uovu ulikuwa ndani, kiti kikaupa nafasi.

La pili linasema: hapana, kiti ndicho kinaharibu. Wenye jibu hili wataonyesha Sauli. Siku ya kutawazwa alitafutwa akakosekana, kumbe amejificha kati ya mizigo (1 Samweli 10). Huyo ni mtu mwenye kiburi? Lakini fungua sura ya 15, mtu yule yule anajijengea ukumbusho kule Karmeli. Katikati ya mizigo na ukumbusho, ni nini kilichotokea isipokuwa kiti?

Nimeyapima majibu haya mawili na naona kila moja limeshika nusu. Wacha nitumie shamba, maana sisi ni watu wa shamba.

Mvua ya Novemba ikinyesha hapa Kwa Vonza, kitu cha kwanza kuota si mahindi wala pojo. Ni magugu. Je, mvua ndiyo imeyapanda? Hapana, mbegu zilikuwa udongoni wakati wote wa kiangazi, hukuziona tu. Basi mbegu zikiwa za udongo, mvua haina neno? Ina neno kubwa, maana bila mvua zingelala. Lakini muulize mkulima yeyote ni kwa nini shamba hili limemezwa na magugu na la jirani yake liko safi. Udongo ni ule ule, mvua ni ile ile. Atakujibu neno moja: jembe.

Moyo ndio udongo. Mbegu mbaya zimo ndani ya kila mmoja wetu, mimi nikiwa wa kwanza. Mamlaka ndiyo mvua. Na jembe ni yule mtu anayeweza kukutazama machoni akakuambia, "Hapana, hapa umekosa," nawe ukasikia.

Kwa hiyo kijana wangu, jibu langu ni hili. Kiti hakikuweka ubaya ndani ya Amin, wala hakikuishia kuufunua. Kila hatua aliyopanda kilimpunguzia mtu mmoja wa kumwambia hapana. Mwaka 1962 Obote angeweza kuliacha jembe lifanye kazi. Akalificha. Mwaka 1972 Jaji Mkuu alikuwa jembe la nchi nzima. Akatoweka. Kufikia 1976 waliobaki karibu na kiti walikuwa ni wapiga makofi tu.

Neno lenyewe linatuonyesha hivyo. Tuseme ukweli: Daudi alifanya dhambi ambayo kwa macho yetu ni nzito kuliko ya Sauli. Sauli aliacha kondoo na mfalme wa Waamaleki. Daudi alichukua mke wa mtu, kisha akamuua mwenye mke, askari wake mwaminifu. Lakini Sauli alipoambiwa na Samweli, akaanza kujitetea, akasema ni watu, akaomba aheshimiwe mbele ya wazee. Daudi alipoambiwa na Nathani, alisema amemkosea Bwana. Hakumfunga Nathani, wala hakumtuma mtu amfuate njiani. Wote wawili walikuwa na udongo wenye magugu, na tofauti yao ni jembe.

Sisi Wakamba kwa asili hatukuwa na mfalme. Tulikuwa na nzama, baraza la wazee, ambapo hata mwenye ng'ombe wengi angeweza kupingwa na mwenzake. Siyo kwamba babu zetu walikuwa watakatifu. Lakini walijua shamba haliachwi bila jembe.

Niliyoyafanya kisimani

Ningeweza kuishia hapo na makala ingekuwa salama. Lakini ningekuwa nimemsema Amin, ambaye amekufa, nikajiacha mimi.

Kwa miaka tisa nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya kisima. Tulianza vizuri. Tulitafuta wafadhili, tukachanga, tukachimba, maji yakatoka. Watu walinishukuru, na mimi nikazoea kushukuriwa. Nikaacha kuitwa kwa jina, nikawa "Mwenyekiti". Uchaguzi wa kamati ulipofika nilisema mradi bado ni mchanga, tungoje kidogo. Watu wakakubali. Ulipofika tena, nikasema hivyo hivyo.

Sikuiba hata shilingi. Na hapo ndipo nilipojidanganya, maana nilifikiri dhambi ya kiongozi ni kuiba peke yake.

Siku moja kwenye mkutano, mama mmoja mjane alisimama akauliza, kwa adabu kabisa, pesa za maji zimefika ngapi na kwa nini hatujasomewa hesabu. Nikamjibu: "Mama, wewe ulikuwa wapi wakati tunachimba?" Watu wakacheka. Akakaa. Nikaona nimeshinda.

Kesho yake alikuja na punda wake na mitungi minne. Kijana wa kuuza maji akawahudumia wengine wote, yeye akamwacha asimame mpaka saa saba mchana. Sikumtuma yule kijana. Naapa sikumwambia kitu. Alijua tu bosi anapenda nini. Wapendwa, hilo ndilo linanitisha mpaka leo. Mtu mwenye kiti hahitaji kuamuru mabaya. Akionyesha tu kwamba hakupendi, kuna mtu pembeni atakayemaliza kazi.

Siku hiyo mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa kwenye maombi ya kufunga.

Jioni mke wangu aliweka chakula mezani akaniambia: "Yule mama alisimama juani na punda wake leo. Kila mtu sokoni anajua ni kwa nini." Nikanyamaza. Akaongeza: "Wewe huku kanisani ni mtumishi. Kule kisimani ni nani?"

Sikumjibu siku mbili. Siku ya tatu nikaenda kwa yule mama, nikamwomba msamaha. Nilifikiri atalia, tuombe pamoja, mambo yaishe. Alinitazama akaniambia: "Mzee, nimekusamehe. Lakini vitabu bado hujafungua."

Niliondoka pale nimekasirika kidogo, nisiwadanganye. Lakini alikuwa amesema kweli. Nilitaka msamaha utumike kufunika hesabu. Tulipofungua vitabu mbele ya watu, tukapata miezi mitatu haina risiti. Si mimi niliyezila pesa hizo. Lakini ni mimi niliyefunga dirisha, na gizani mtu akala. Mwezi uliofuata nikaachia kiti.

Hapo nikaielewa Turkana ya mwaka 1962. Kuna msamaha, na kuna kumwacha mtu kwa sababu bado unamhitaji. Viwili hivi vinafanana kwa nje. Msamaha wa Mungu unafungua vitabu, unataja dhambi kwa jina, kisha unaibeba msalabani. Ule mwingine unafunga vitabu na kusema "tusonge mbele." Obote hakumsamehe Amin, alimweka akiba. Na uovu uliowekwa akiba, wapendwa, siku moja utakuja kwako kudai riba.

"Usimguse mpakwa mafuta"

Najua kuna mtu anasoma na moyoni anasema: Mzee, unataka tuwe wapinzani kanisani? Si Neno limetukataza kumgusa mpakwa mafuta wa Bwana?

Limekataza, na mimi naliheshimu. Hakuna baraka katika umbea, wala katika kumvunjia mchungaji heshima kwenye kikundi cha simu saa tano usiku. Lakini tumsome aliyeliishi neno hilo kuliko sote. Daudi alikuwa pangoni, Sauli akaingia peke yake. Hakumgusa. Sawa. Lakini soma mpaka mwisho wa 1 Samweli 24. Daudi alitoka nje ya pango, akainama kwa heshima, kisha akamwita mfalme kwa sauti na kumwambia wazi kwamba anamwinda bila sababu, na Bwana awe mwamuzi kati yao. Mkono wake ulikaa mbali na mfalme lakini mdomo wake ulisema. Kumbe kutomgusa mpakwa mafuta hakumaanishi kunyamaza mbele yake.

Na mfalme Uzia je? Alifaulu mpaka moyo ukainuka, akaingia hekaluni kufukiza uvumba, kazi ambayo haikuwa yake. Kuhani Azaria akamfuata ndani pamoja na makuhani 80. Watu 81 wakasimama mbele ya mfalme wakamwambia toka. Biblia inawaita mashujaa, haiwaiti waasi. Na tazama, hawakumwacha mmoja aende peke yake. Mara nyingi sisi tunasema kwa siri, "Mzee fulani amwambie," halafu huyo mzee akiadhibiwa tunasema hakuwa na hekima.

Na ikiwa hatasikia?

Swali la mwisho ndilo gumu kuliko yote. Daudi alisikia. Lakini kuna wasiosikia. Tuwaambie kwa nini?

Februari 1977, maaskofu wa Kanisa la Uganda walimwandikia Amin barua, wakiongozwa na Askofu Mkuu Janani Luwum, mtu aliyeokoka katika ule uamsho wa Afrika Mashariki ambao na sisi tumekula matunda yake. Askari walikuwa wamevamia nyumba yake usiku wakitafuta silaha. Barua haikutukana. Ilisema tu kwamba watu wanauawa na sheria haipo. Tarehe 16 Februari Luwum aliuawa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Serikali ikatangaza ni ajali ya gari. Mwaka huo huo Amin akapiga marufuku madhehebu mengi, na Wapentekoste wakawa wanaabudu kwa kujificha, wakinong'ona nyimbo.

Kwa hiyo siwezi kukuahidi kwamba ukisema hapana, mkubwa atatubu. Luwum alisema, na Amin akaendelea miaka miwili mingine. Nathani alikuwa na Daudi, lakini Yohana Mbatizaji alikuwa na Herode, na kichwa chake kikaletwa kwenye sinia.

Lakini fikiri hivi. Kama tungesema ukweli pale tu unapofaa kitu, ukweli ungekuwa biashara. Tunasema hapana kwa sababu mbili. Kwanza, aliyekalia kiti ni mtu mwenye roho, na kumwacha aangamie ili sisi tule kwa amani si upendo. Askofu Festo Kivengere, aliyetoroka Uganda baada ya Luwum kuuawa, aliandika kitabu chenye jina linalosema kwamba anampenda Idi Amin. Si kwamba alikuwa haoni damu. Alikuwa ameiona damu ya Kristo pia. Lakini kumpenda hakukumfanya anyamaze juu ya mabaya yake. Ya pili, aliye chini ya kiti anasikiliza. Yule mjane akiona kuna mtu mmoja aliyesimama, atajua Mungu hajamsahau juani na punda wake.

Tufanye nini kabla ya uchaguzi?

Nawaomba mambo matatu, ya kawaida kabisa.

Kwanza, muda ukiisha, uishe. Tusiseme "yeye ndiye anajua kazi." Akiwa anaijua, amfundishe mwingine.

Pili, kila idara isome hesabu zake mbele ya watu, hata kama ni shilingi mia mbili za soda. Mtu mwaminifu haogopi dirisha. Tena dirisha linamlinda.

Tatu, kila atakayechaguliwa amtaje Nathani wake. Amtaje mtu mmoja, kwa jina, ambaye amempa ruhusa ya kumwambia hapana, na aahidi mbele za Mungu kwamba huyo hataadhibiwa. Nyumbani vile vile. Baba, kama mke wako na watoto wako wanapima hewa kabla ya kusema neno mbele yako, jiulize umekaa kwenye kiti gani.

Na sisi tunaobaki kwenye mabenchi, tupunguze vigelegele. Kampala ilicheza Januari 1971. Waliocheza hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wamechoka, wakataka mtu mwenye nguvu awabebe. Kumbe baadaye ni wao walimbeba.

Yuko mmoja tu ambaye angeweza kukaa kwenye kiti bila hatari, na yeye ndiye aliyeshuka. Usiku wa mwisho, akijua kwamba Baba ameweka vyote mikononi mwake, alifanya nini na mikono hiyo? Alichukua beseni na taulo. Nami nikikumbuka beseni lile, naona aibu juu ya ile mitungi minne.

Tuombe: Bwana Yesu, wewe uliyeshuka, utushushe kabla hatujaanguka. Tupe mtu wa kutuambia ukweli, na masikio ya kumsikia. Mahali tulipofunga vitabu, utupe nguvu ya kuvifungua. Wakumbuke waliosimama juani kwa sababu yetu. Katika jina lako. Amina.

Andiko la kukariri: Mathayo 20:26–28.

Maswali ya ushirika wa nyumbani:
1. Ni nani anayeweza kukuambia hapana leo, nawe usimkasirikie?
2. Je, kuna mtu uliyemsamehe kwa mdomo lakini vitabu bado vimefungwa? Au wewe ndiye uliyevifunga?
3. Makuhani 81 walienda pamoja. Katika ushirika wetu, ni jambo gani tumemwachia mtu mmoja aliseme peke yake?